Dobi wa Namakwekwe

Mimi dini sikuzisoma darasani.
Nimezisoma magotini.
Kanzu ya Hajji Wamimbi imesagika pale mbele,
pa kusujudu mara tano, kiangazi na masika;
gomesi la Perpetua Nandutu nalo limepauka papo hapo
kwa rozari za Oktoba nzima.
Nikiloweka nguo najua nani ameomba
na nani alimwaga mkewe tu kwamba anakwenda kuomba.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mjinga.
Mzee Elnatani alileta shuka jeupe la mistari,
nyuzi zinaning'inia kwenye pembe zote nne.
Maskini, nikasema, linafumuka.
Nikashika mkasi.
Tamari, mkewe, akaruka kama aliyekanyaga siafu:
"Khaitsa! Usikate! Mafundo hayo ni amri!"
Tangu siku hiyo, uzi ukining'inia
nauliza kwanza.

Bi Kusumben wa duka la misumari
anataka sari yake ioshwe peke yake:
ina samli ya taa za Diwali, ina manjano,
ina doa jekundu la paji la uso
lisilotaka kutoka, wala yeye hataki litoke.
Nyama hali. Anasema hata hawa mende
wanaokimbia chini ya beseni langu
huenda zamani walikuwa madobi.
Nikacheka mpaka povu likanipalia.
Usiku ule sikuua mende.

Na Hajji, mwaka aliokwenda Makka,
alileta mashuka mawili.
Nikatafuta mshono wa kupigia pasi: hakuna.
Nikatafuta mfuko: hakuna.
"Ndivyo tutakavyozikwa, dobi," akasema.
"Nakwenda kujipima."

Watu huniambia, ah, zote ni moja.
Hao hawajafua.
Rangi huchujana. Joho jekundu la kwaya
lilale usiku mmoja na shati jeupe la Msabato,
asubuhi una kesi mbili.
Maji ni ya Nabuyonga, mto mmoja, sikatai.
Mabeseni ni sita.

Ijumaa ndiyo inayoniua.
Kanzu zitoke kabla ya adhuhuri,
na shuka la Elnatani lifike juu Nabugoye jua halijazama,
maana likizama hashiki moto, hashiki pesa;
hata deni langu linapumzika.
Jana nilifika natweta,
mwanga umebaki kichwani mwa Wanale tu,
Tamari kajifunika kitambaa, kiberiti mkononi.
Akalipokea shuka kwa mikono miwili, hakusema neno.
Nikiwa njiani kushuka, adhana ikanipokea bondeni.

Nyumbani makaa ya pasi yalikuwa majivu.
Beseni la saba ni langu:
nguo zangu zimo tangu Jumanne.
Nikazikamua gizani, nikainamisha beseni,
maji yakatoka kidogo kidogo, taratibu,
kama mama alivyomwaga pombe ya ulezi mlangoni
mababu waonje kabla yetu.
Yalikuwa maji ya sabuni tu.
Lakini sikuyaharakisha.