Mduara wa Mita Nane

Kwenye fomu ya benki, penye neno Kazi,
karani aliteremsha kidole taratibu:
mwalimu, mkulima, muuguzi, fundi.
"Msanifu wa mandhari," nikarudia.
Akaniandika Nyinginezo.

Baba naye alikuwa na lake:
"Miaka minne ya ada, ng'ombe wawili,
na mibuni ya upande wa chini,
ndiyo urudi Kibosho kupanda majani?"
Alisema hayo akiwa ndani ya mfongo hadi magotini,
akizibua tope kwa koleo
ili maji ya zamu yake yawahi migomba,
akiupima mteremko kwa jicho moja,
la pili amelifumba.
Sikumjibu. Nilikuwa nalitazama jicho lile.

Kazi ya kwanza: uwanja wa zahanati, Pasua.
Vumbi, ukuta, geti, tangi la maji juu ya mnara.
Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ndekirwa, alishaamua:
"Piga pevingi kote. Mitende miwili getini,
pawe na hadhi."
Nikaomba siku tatu.
"Za nini?"
"Za kukaa."

Nikakaa. Muuguzi Aikande akaniuliza naumwa nini.

Saa tatu, akina mama na watoto wao
wamejipanga magharibi ya tangi,
mstari mwembamba kama kivuli chenyewe.
Saa tano kivuli kimefupika, wamebanana.
Saa saba hakuna kitu;
kanga kichwani, mgongo ukutani.
Saa tisa wamehamia upande wa pili,
kadi za kliniki mkononi,
na sikumsikia aliyesema tuhame.
Tangi lilikuwa saa. Wao walikuwa mshale wake.

Hilo ndilo nililolichora kwanza,
kabla ya mti, kabla ya benchi:
uchovu, na njia unayopita.

"Pevingi haina koo," nikamwambia mwenyekiti.
"Masika yakishuka hapa yataulizia njia,
na njia ya karibu ni sebule ya Mama Shoo."
Akautazama ukuta wa Mama Shoo.
Akauliza bei ya mtaro.

Tulikutana katikati: mtaro wa mawe na nyasi,
pevingi kuanzia getini hadi dirisha la dawa, basi.
Mitende ilibaki. Nakiri.
Kila nipitapo naiona imesimama
kama walinzi waliokodishwa harusini.

"Na mlima?" akauliza mjumbe mmoja,
"utauingiza vipi?"
Mlima haukuwamo kwenye mkataba.
Niligeuza benchi moja tu liuelekee,
lile la mwisho, jirani na maabara,
kwa anayesubiri majibu.

Kwenye karatasi, mti ni mduara.
Unashika bikari, unazungusha,
umepata kivuli cha mita nane
kwa muda wa kupiga chafya.
Ardhini, mwezi wa tatu, mti ni mringaringa
uliotoka kwenye kiriba cheusi,
haufiki goti, una majani sita,
moja limetobolewa na mdudu.

Baba alishuka siku ile bila kupiga simu,
na ndoo, na jembe lake mwenyewe
kwa kuwa haamini majembe ya watu.
Akaushika mchoro juu chini.
"Mti mkubwa huu uko wapi?"
Nikamwonyesha kijiti.

Akatazama kijiti. Akatazama karatasi.
Halafu akapiga hatua nne toka shinani,
akakita kisigino, akaanza kuburuza,
akizunguka kinyumenyume, ulimi nje ya meno,
mpaka mstari ulipokutana na mwanzo wake mavumbini.
"Hapa ndipo kitafika?"
"Hapo."
"Baada ya miaka mingapi?"
"Kumi na mitano. Mvua zikiwa nzuri, kumi na miwili."

Hakusema neno.
Niliona midomo yake ikihesabu,
ikafika mahali, ikasimama,
ikarudi nyuma, ikahesabu tena.

Kisha akainama, akaishika ndoo kwa mikono miwili,
akamimina maji polepole,
ardhi ikayanywa yote,
akaenda bombani kuchota mengine.