Kura

Barua ilikuja Jumanne, pamoja na malalamiko ya mapipa ya taka
na ombi la taa kwenye njia ya mfereji.
Chuo kikuu kinatualika tuingie kwenye majaribio:
watu wazima mia mbili wasioelewana na namba,
nusu waanze darasa Septemba, nusu wangoje hadi Aprili,
na nani aanze, nani angoje, iamue kura.

Niliisoma kwa sauti mbele ya kamati,
chumba cha juu, bomba la joto likigonga ukutani kama mtu aliyefungiwa,
mvua ya Aldershaw ikishuka mshazari.
Diwani Entwistle akavua miwani.
"Kura," alisema, kana kwamba ametafuna mbegu ya limau.
"Nimwambie Glenda Ormerod kwamba kura imemkataa?"

Nikanyamaza, maana Glenda namjua.
Anafagia wodi ya nne tangu kiwanda cha nyuzi kilipofungwa.
Dukani husimama mbele ya kibandiko chekundu,
bei imepunguzwa kwa asilimia thelathini,
akaligusagusa shati la mjukuu, akalirudisha,
si kwa kukosa pesa: anaogopa kaunta,
anaogopa ile namba itakayotamkwa mbele za watu.
Ana uongo mmoja, ameuvaa hadi umechakaa viwiko:
"Nimeacha miwani nyumbani."
Glenda hajapata kuwa na miwani.

Na usiku ule mtoto alipowaka homa,
chupa ikisema mililita saba na nusu,
kijiko kikisema tano,
alibisha mlango wa jirani saa nane,
akasema taa yake imeungua.

Hayo sikuyasema. Ni siri yake, si mfano wangu.
Nilisema tu: Mheshimiwa,
miaka ishirini tumefungua madarasa na kuyafunga,
tumetoa vyeti, tumepiga picha na keki,
na hakuna ajuaye kilichofaa ni kipi,
mwalimu, au chai, au basi la bure,
au labda waliokuja walikwisha kufika nusu ya njia.
Tumekuwa tukigawa dawa bila kupima kijiko.

Diwani akatazama dirisha.
"Na kura?"
Nikamwambia, hata wewe uliingia humu kwa kura,
ulishinda kwa kumi na moja, sanduku la Milldyke likihesabiwa mara tatu,
wala siku ile hukusema kura haina utu.
Kura haimjui shemeji. Haimjui aliyezoea kuongea na ofisi.
Siku zote sisi ndio tuliochagua,
na kila tulipochagua Glenda alibaki nje
kwa kuwa hakujaza fomu.

Bomba likagonga. Katibu akaandika.
Kumi waliinua mikono, watatu hawakuinua,
mmoja alikuwa amesinzia; hadi leo hatujui tumhesabu wapi.

Basi nawaandikia nyinyi, halmashauri za ng'ambo ya kilima,
mnaosita kama tulivyosita:
njooni awamu ya pili.
Mji mmoja ni kisa tu. Miji kumi na miwili ni ushahidi.
Leteni madereva, wapishi wa shule,
leteni yule mama aliyekariri bei za duka zima
ili asilazimike kujumlisha
(na hiyo, enyi wataalamu, mnaiita nini?).
Leteni na watakaongoja. Kungoja kwao kuandikwe,
kusifanane na kungoja kwa zamani
kusikokuwa na Aprili.

Jana bahasha zilitoka.
Glenda alinifuata kwenye maegesho na yake mkononi, haijafunguliwa.
Hakutaja miwani. Alisema, "Nisomee."
Nikasoma. Nikatafuta neno la kumpoza, sikulipata.
Akainua mkono uliobabuka kwa sabuni,
akaanza kukunja vidole, Oktoba, Novemba,
midomo ikitikisika, mkono wa pili ukaja kuusaidia wa kwanza.
"Saba," alisema.
Na ilikuwa saba.