Shuka Nne

Jumatatu nafua shuka ambazo hakuna aliyezilalia.
Meneja anasema zikikaa sana zinageuka njano,
mgeni asije akakuta kitanda kinanuka kabati.
Basi nafua. Nusu mche wa sabuni kwa beseni,
kisha robo,
kisha maji matupu na nia njema.

Hapa Tungamalenga, barabara ya kwenda geti la hifadhi,
zamani, yaani mwaka juzi,
ukianika saa tatu, saa nne unafua tena
kwa vumbi la magari yao.
Tuliyalaani yale magari, Mungu atusamehe.
Sasa weupe wa kamba yangu unakaa siku tatu
na hakuna wa kuuchafua.

Ilianza na simu, kama msiba.
Kundi la watu kumi na wanne likaahirisha,
wakafuata wa Pasaka,
kisha wale wazee wawili wa kila Agosti
waliojua kusema "kamwene" na kungoja kuitikiwa.
Meneja akatukusanya jikoni:
uchumi wa huko kwao umeyumba.
Desideri, dereva, akauliza umeyumbia upande gani.
Hakuna aliyecheka.
Mimi nilikuwa nahesabu foronya.

Gari lake sasa limepandishwa juu ya mawe,
matairi yameuzwa Iringa mjini, mawili mawili.
Kuku wa Mama Kihwele, ambao mayai yao
yalikuwa ya hotelini tu, hata mgonjwa hakuonjeshwa,
wanatagia kiti cha nyuma,
pale alipokaa bwana mmoja akalia
kwa kumwona chui.
Na vikapu vya milulu vya Skolastika
vimerundikana hadi darini;
panya wanachagua chumba.

Mtu kapunguzwa kazi
katika mji nisioweza hata kuutamka,
na mimi ndiye ninayepika mboga bila mafuta.
Sijui huyo mtu ana watoto wangapi.
Siku nyingine namwonea huruma.
Siku nyingine, hapana.

Tembo tu ndio hawajaahirisha.
Usiku wanavuka mto, wanaingia mahindini,
wanakula kama waliolipa kabla.
Mwanangu Alfonsi alikuwa amekariri
majina ya ndege mia na kumi
ili aje kuwaongoza wageni.
Sasa anapiga debe mpaka alfajiri
na kusinzia darasani.
Mwalimu ameniita. Nimwambie nini?

Shamba la mpunga la marehemu baba, kule Idodi,
tulilikodisha miaka mitano, tukanunua mabati.
Nani angehangaika na jembe
wakati kitanda kimoja kinalipa gunia?
Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huu,
na dada yangu alinitazama tu, akaendelea kupepeta.

Jana Meneja alilipa mishahara ya miezi mitatu.
Hakuwa na fedha. Alifungua kabati la shuka
akatugawia: nne kila mtu,
mpishi akaongezewa taulo kwa kuwa ana mjukuu mchanga.
Tukatia sahihi. Mkono wake ulitetemeka
kuliko wetu.

Leo kila uani pana kamba nyeupe.
Dereva wa lori la vitunguu alipunguza mwendo
akatoa kichwa dirishani:
Mama, naona mmejaa wageni!
Tumejaa, nikamjibu,
nikaendelea kubana pini.

Usiku nikatandika moja.
Nililala ukingoni, mikono kifuani,
kama mtu aliyeazimwa kitanda.
Kila nikigeuka, kidole kinatafuta doa.
Asubuhi nikavuta pembe, nikakunja kama tulivyofundishwa,
nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikakagua.

Alfonsi akaingia na debe lake,
macho mekundu, miguu ina tope la mahindini.
Akatazama kitanda. Hakusogea.
"Mama," akanong'ona, "nani anakuja?"