Mgongo ni Wangu

Uso ni wake, yule mwenye mabango mji mzima.
Mgongo ni wangu.
Kila anapogeuka kuutazama moto, ni mimi;
kila anapotujia na machozi mawili yaliyopangwa, ni yeye.
Tumegawana mtu mmoja kama ndugu wanaogawana koti.

Jumatano, onyesho la saa nane mchana, Józsefváros,
watazamaji kumi na mmoja, na mmoja wao anakoroma.
Tiketi nimelipa mwenyewe. Nina mfuko wa mbegu za alizeti.
Jina langu, Zsombor Kerekes, litapita mwisho kabisa,
herufi kama chawa, baada ya madereva, kabla ya wapishi,
taa zikiwa zimeshawashwa.

Hadithi yenyewe ni hivi:
mtu anaamka ndani ya behewa la mizigo, hajui aitwaje,
mfukoni ana funguo za nyumba asiyoikumbuka,
na watu wenye bastola wanamkumbuka vizuri.
Anakimbia. Yaani, nakimbia.
Juu ya mapaa, ndani ya bafu la mvuke,
katikati ya tramu mbili za manjano
zilizonikosa kwa upana wa kiganja.
Polepole anagundua kwamba aliwahi kuua,
na saa nzima iliyobaki ni ya kulipa.

Mimi pia nina shimo.
Asubuhi moja ya Machi, paa la kinu cha zamani, Ferencváros,
imekatwa kichwani mwangu kama kwa mkasi wa mhariri.
Niliamka siku ya kumi na tisa, taya limefungwa waya,
nikaelezwa: Levente alianguka, kamba ilimwachia,
nawe, Zsombor, ukajirusha kumdaka.
Nikaelezwa tena na tena hadi nikaanza kuikumbuka.
Watu nisiowajua wameninunulia pombe kwa ajili ya mruko ule.
Ushujaa huo niliuvaa. Ulinienea.

Sasa dakika ya themanini na mbili.
Paa. Kinu. Mbingu ya rangi ya bati.
Hawakuitupa picha ile; wameikata sekunde moja kabla.
Uso wake umeijaza skrini, anawaza dhambi zake,
na nyuma ya sikio lake, kwenye kioo cha dirisha chenye ufa,
mtu mdogo anakagua kamba za mwenzake.
Bega. Kiuno. Kulabu...
kuna aliyemwita. Anageuka, anacheka,
mkono unaipita kulabu bila kuivuta.

Nani mwingine angeujua mkono ule?
Kidole cha mwisho hakikunjiki tangu nikiwa na miaka kumi.

Hakuna aliyepiga kelele. Yule aliendelea kukoroma.
Mficha maradhi, kilio humuumbua;
mimi niliyaficha hata kwangu mwenyewe,
na kilio kimenikuta na mbegu mdomoni.

Shujaa alisamehewa dakika ya mia na tano,
juu ya daraja, theluji ya mashine, fidla ishirini.
Mimi nilipanda basi hadi Kispest,
orofa ya nne, lifti mbovu,
kwa mama yake Levente, Bi Piroska.
Nilisema yote mlangoni, viatu vikichuruzika maji.
Nilisema vibaya. Sijawahi kupewa maneno ya kukariri;
kazi yangu ni kuanguka.

Alinyamaza muda wa chai kuchemka na kupoa.
Hakulia. Hakunishika bega.
Akasema taa ya jikoni imeungua tangu Jumapili.
Nikainuka.
"Wewe tulia," akasema,
akaleta ngazi ya mbao, akavua ndara,
akapanda mwenyewe, miaka sabini na mmoja, magoti yakialika.

"Shika."

Nilishika kwa mikono yote miwili,
hata kwa kidole kile kisichokunjika.
Taa iliwaka.
Hakushuka haraka.