Mti Nambari Kumi na Nne

Kwa miaka sita nilimjua kwa mapipa yake,
la bluu Jumanne, la kahawia Ijumaa,
na kwa kikohozi kilichopenya ukutani saa tano za usiku.
Salamu zetu zilikuwa za mvua tu:
imenyesha, itanyesha, haya basi.
Mimi niliyefunzwa kwamba salamu haijaisha
hadi uulize watoto, kazi, kuku na goti la mama mkwe,
nilirudi ndani na maswali yangu
kama sarafu iliyokataliwa dukani.

Novemba, manispaa ya Hull ikatuletea miche,
mmoja kwa kila nyumba mbili.
Wetu ulikuwa mcheri mwembamba kama ufito,
umefungwa gunia miguuni.
Bi Doreen Thackray akasimama mlangoni, mikono kaikunja:
"Majani yataziba mfereji wangu.
Ndege watachafua gari."
Hana gari. Sikumkumbusha.

Tulichimba.
Rebwar kinyozi alikuja na sururu ya kuazima,
mapacha wa nambari thelathini wakafukua kijiko,
kigae chenye ua la samawati, halafu matofali, matofali,
kana kwamba chini ya mtaa kuna mtaa mwingine uliolala.
Mvua ilinyesha. Hakuna aliyeitaja.

Februari, mlevi, au upepo,
au wawili hao kwa ushirika,
wakauvunja katikati.
Nilitoka na kandambili na hasira za Kiswahili
nikamkuta Doreen kapiga magoti kwenye lami,
ana mguu wa kiti cha jikoni
na soksi zake ndefu za kwendea kanisani,
anauganga, fundo juu ya fundo.
"Shika hapa," akasema.
Nikashika. Mikono minne
kwenye shina lisiloujaza hata mmoja.

Sisemi mtaa umekuwa pepo.
Gari la nambari nane bado hulala juu ya njia ya miguu,
taa ya kona ingali kipofu,
na mti wa tatu ulikauka, hatujui kwa nini.

Lakini asubuhi, kabla ya mvua kutajwa,
mmoja wetu huuliza:
mti haujambo?
"Haujambo," hujibu Doreen,
akilipitisha neno mdomoni
kama kochi kwenye mlango mwembamba.
Na jana, ndoo mkononi, akaongeza,
kwa Kiingereza chake cha Hull, bila kucheka:
"Na lile goti la mama mkwe wako?"