Hakuna Ng'ombe

Mjomba Sekiete alirejea kutoka Uswidi
na cheti cha ufundi simu,
koti zito lisilo na kazi yoyote Tabata,
na msemo mmoja:
hakuna ng'ombe juu ya barafu.
Aliutoa kila mtu alipoanza kuhema.

Barafu tuliyoijua sisi ilikuwa ndefu kama kidole,
nyekundu ya ubuyu, imepigwa fundo mfukoni,
mama akiiuza senti hamsini dirishani.
Ng'ombe asimame wapi hapo?

Akachora mchangani kwa kijiti:
ziwa limeganda, gumu kama saruji, lakini lina hila.
Ng'ombe ana kiu, anajongea.
Msemo wenyewe una mkia, akasema,
wengi huuacha nyumbani:
*maadamu makalio yako nchi kavu.*
Miguu ya mbele ikiteleza si neno,
uzito uko nyuma, utamrudisha.
Tuliposikia makalio
hatukusikia kingine chochote.

Siku moja umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Friji ikatoka jasho.
Barafu mia mbili, za mahafali ya shule,
na mama kashika kiuno.
"Dada," mjomba akasema toka kigodani,
"hakuna ng'ombe juu ya barafu."
Mama akamgeukia.
"Ng'ombe hakuna. Na barafu yenyewe ndiyo hiyo inaondoka."
Maji mekundu yalishafika kizingitini.
Mtaa mzima ulikunywa ubuyu kwa vikombe mpaka usiku,
na mama alicheka peke yake jikoni,
akakataa kusema anacheka nini.

Mjomba hayupo sasa. Koti lililiwa na nondo.

Juzi, gereji moja kule Relini,
gari langu limepasuliwa tumbo,
nami natazama saa, natazama saa,
fundi Mwinyikondo, kijana wa juzijuzi, akaniambia:
"Tulia, dada. Hakuna ng'ombe."

Umeutoa wapi huo?

Akafuta mikono, akanieleza
kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo:
zamani bucha la Bima lilikuwa na foleni toka alfajiri.
Mwenye bucha akichungulia, akisema leo hakuna ng'ombe,
watu waliacha kusukumana,
wakakaa chini, wakapiga soga.
Ndiyo asili yake.

Nikafungua mdomo.
Ziwa lilikuwa tayari ulimini, na kijiti, na mkia.
Spana ikamponyoka. Akainama kuiokota
bila haraka yoyote.

"Na hiyo foleni," nikauliza,
"ilikaa mpaka saa ngapi?"