Tiketi ya Wiki

Dirishani Pugu, saa kumi na moja na robo,
karani hakuinua uso: "Ya leo, au ya wiki?"

Miaka miwili nimenunua ya leo.
Kibarua hana kesho, ana "njoo tuone".
Lakini jana Nambua alihesabu sarafu za kopo,
akazifunga kwenye leso, akasema:
nunua wiki nzima, isije ikasikia tunasitasita.

"Ya wiki," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa
hata mama mwenye ndoo ya maandazi akageuka.
Muhuri ukagonga. Jumatatu mpaka Jumamosi:
siku sita kwenye kipande cha karatasi
chepesi kuliko risiti ya Luku.

Jumatano msimamizi akasema saruji imekwisha,
tutapigiana.

Alhamisi nikapanda vilevile.
Gongo la Mboto, Karakata, Vingunguti,
Buguruni kwa Mnyamani, Kamata.
Nilishika chuma, nikasimama kama mtu anayechelewa kazini.
Stesheni nikashuka, nikanawa uso bombani,
nikauliza mlango wa kwanza, wa pili.

Ijumaa pia.

Jumamosi tiketi ilikuwa imelainika kama ngozi,
tarehe zimefutika kwa jasho.
Mkaguzi akaigeuza, akaniangalia,
akanirudishia.